Kukanda Karatasi Mpaka Iwe Kitambaa: Mwongozo wa Momigami

Chukua karatasi yoyote, ikunje, ikunjue, kisha ikunje tena palepale. Ukirudia mara kadhaa itakatika kwenye ule mstari. Kinachoiua karatasi ni mkunjo mmoja unaorudiwa mahali pamoja. Mafundi wa Japani waliigeuza hasara hiyo kuwa ufundi: karatasi imara ikikunjwa mara mamia, kila mara mahali pengine, hakuna mstari unaobeba mzigo peke yake. Karatasi hulegea, huning'inia, hukubali sindano. Kazi hiyo huitwa momigami, yaani karatasi iliyokandwa.

Mwongozo huu utakufikisha kwenye kipande cha karatasi laini kinachofaa kushonewa mkoba mdogo, jalada la daftari au kivuli cha taa. Tenga siku mbili. Muda mwingi utakuwa wa kusubiri rojo la gundi livimbe na karatasi ikauke. Mashine haihitajiki. Karatasi sahihi inahitajika, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

KWA NINI KARATASI HULAINIKA

Karatasi ni nyuzinyuzi za mmea zilizolala ovyo, moja juu ya nyingine, zikashikana zilipokauka. Ugumu wake unatoka kwenye mashikizo hayo mengi kati ya uzi na uzi. Unapokanda, unaachanisha sehemu ya mashikizo, na kila linaloachia huwa bawaba ndogo. Bawaba zikienea uso mzima, karatasi hujipinda upande wowote bila kuvunjika.

Mambo mawili huamua kama utapata kitambaa au vumbi.

*Urefu wa nyuzi.* Uzi mfupi ukiachiwa na jirani zake huanguka. Uzi mrefu ukiachiwa mahali pamoja bado umeshikwa pengine. Kozo, mti wa jamii ya mforosadi ambao gamba lake la ndani hutengenezewa karatasi ya Japani, una nyuzi za wastani wa milimita 10 hivi. Nyuzi za mkaratusi, zinazotumika sana kwenye karatasi za ofisini, ni za milimita 1 hivi tu. Tena karatasi ya fotokopi hujazwa unga wa chokaa au udongo mweupe ili ing'ae, na unga huo haushikilii chochote. Usipoteze muda nayo.

*Gundi inayonyumbuka.* Mashikizo yakiachia bila kitu cha kuyasaidia, karatasi huota vinyweleo na kusambaratika. Wajapani hutumia rojo la konyaku, kiazi cha mmea ambao wataalamu huuita Amorphophallus konjac. Wanga wake maalumu huvimba sana majini, na ukikauka juu ya karatasi huacha utando mwembamba usiovunjika ukikunjwa. Ukigusana na alkali, kwa mfano maji ya chokaa, utando huo huganda na hauyeyuki tena, hata kwa moto. Ndiyo sababu hatua ya chokaa, ambayo wengi huiruka, ndiyo inayotenganisha karatasi ya mapambo na karatasi inayostahimili matumizi.

> KISANDUKU: KAZI HII IMETOKA WAPI
>
> Nguo za karatasi huitwa kamiko nchini Japani. Zilivaliwa na watawa, wasafiri na watu wa kawaida kwa kuwa ni nyepesi na huzuia upepo wa baridi. Mshairi Matsuo Basho, katika safari yake ya kaskazini ya mwaka 1689, alibeba kamiko ya kujikinga na baridi ya usiku. Mji wa Shiroishi, mkoani Miyagi, ulipata sifa kwa karatasi ya kamiko na kwa shifu, kitambaa kinachofumwa kwa uzi wa karatasi.
>
> Katika hekalu la Todaiji mjini Nara, watawa wanaoendesha ibada ya Shunie kila mwezi Machi bado huvaa kamiko. Ibada hiyo ilianza mwaka 752.
>
> Nguvu ya rojo la konyaku ilionekana pia vitani. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945, jeshi la Japani lilirusha maelfu ya maputo ya mabomu kuelekea Amerika Kaskazini. Mengi yalikuwa ya tabaka za karatasi ya kozo zilizogandishwa kwa konyaku, nazo zilizuia hewa ya hidrojeni isivuje wakati yakivuka Bahari ya Pasifiki. Mei 5, 1945, bomu moja liliwaua watu 6 jimboni Oregon.
>
> Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ufundi wa karatasi ya kozo wa maeneo matatu ya Japani kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.
>
> Kwetu Maziwa Makuu kuna ndugu wa kazi hii: lubugo, kitambaa cha gamba la mti cha Waganda na Wahaya. Mutuba, mti unaotoa lubugo, ni wa familia moja ya mimea na kozo, na sehemu inayotumika ni ileile, gamba la ndani. Ila lubugo hupondwa likiwa zima mpaka litanuke, wakati gamba la kozo huchemshwa, hupondwa hadi nyuzi ziachane, kisha huchotwa majini kwa chekeche.

KUCHAGUA KARATASI

Tafuta karatasi ya Japani iliyoandikwa kozo, uzito wa gramu 30 hadi 60 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo itakuchanikia kabla mikono haijazoea. Juu ya hapo utachoka kabla haijalainika. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa na ya ufungaji vitabu, na unaweza kuagiza mtandaoni. Usinunue kwa jina la washi pekee, kwa sababu leo jina hilo hubandikwa hata kwenye karatasi za mashine zenye nyuzi fupi.

Ukiwa na kipande mkononi, kipime hivi:

1. Chana pembe. Ukingo ukitoka mnyoofu na safi, nyuzi ni fupi. Ukitoka na ndevu ndefu za nyuzi, endelea.
2. Lowesha kwa maji, hesabu hadi 30, kisha vuta taratibu. Karatasi inayofaa hupinga kidogo hata ikiwa mbichi. Inayogeuka tope haitafaa.
3. Ifinye iwe donge, ifungue, iangalie kwenye mwanga. Ukiona matundu kwenye makutano ya mikunjo, iache.

Karatasi ya kozo ni ghali, kwa hiyo fanya mazoezi ya mikono kwanza kwa karatasi ya kaki isiyong'arishwa, ile ya kufungia vifurushi. Nyuzi zake hutoka kwenye miti ya jamii ya msonobari na ni ndefu kuliko za mkaratusi. Haitafikia ulaini wa kozo, lakini itakufundisha nguvu ya kutumia.

> KWA ANAYETAKA KUTENGENEZA KARATASI MWENYEWE
>
> Mforosadi wa karatasi, ndugu wa karibu wa kozo ya Japani, uliingizwa Uganda miaka mingi iliyopita na sasa unaenea kama gugu katika misitu ya Mabira na Budongo. Malighafi ipo, ila usivune ndani ya hifadhi bila kibali, wala usipande mti huu nyumbani: ndege na wanyama hula matunda yake na kusambaza mbegu.

VIFAA

☐ Karatasi mbili au tatu za kozo, na kaki ya mazoezi
☐ Unga wa konyaku, gramu 5
☐ Maji safi ya baridi, nusu lita
☐ Bakuli kubwa na mchapo wa mkono
☐ Brashi laini, upana wa sentimita 5 hadi 8
☐ Vipande viwili vya nailoni vilivyo vipana kuliko karatasi yako
☐ Kamba na vibanio vya nguo
☐ Fimbo laini ya mviringo isiyo na vibanzi. Kipande cha mpini wa ufagio kinatosha
☐ Chupa ya kunyunyizia maji
☐ Chokaa iliyozimwa, gramu 5, na lita 2 za maji
☐ Beseni pana la plastiki
☐ Glavu za mpira na miwani ya kinga
☐ Pasi na kitambaa cha pamba

Kwenye pakiti, unga wa konyaku huandikwa konjac au glucomannan. Huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya Asia na ya virutubisho vya kupunguza uzito. Soma lebo: uwe mtupu, bila sukari, ladha wala rangi. Chokaa nayo iwe tupu. Chokaa ya tambuu inayouzwa Pwani na Zanzibar inafaa ikiwa haina rangi wala manukato. Epuka chokaa ya ukutani iliyochanganywa na gundi au rangi.

> TAHADHARI
>
> - Unga mkavu wa konyaku usiliwe wala usiachwe karibu na watoto. Huvimba haraka ukikutana na mate na unaweza kuziba koo.
> - Chokaa huunguza macho na ngozi. Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika 15, kisha nenda hospitali.
> - Tia chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa. Usitumie kabisa chokaa mbichi isiyozimwa: huchemka ikikutana na maji.
> - Usitumie sufuria ya alumini. Chokaa huila.
> - Usimwage mabaki ya rojo kwenye sinki. Yataziba bomba. Yaweke kwenye takataka au fukia shambani.
> - Futa rojo lililodondoka sakafuni papo hapo. Huteleza sana.

SEHEMU YA KWANZA: KUTENGENEZA ROJO

Konyaku ikiingizwa majini kwa pupa hufanya madonge: nje hulowa, ndani hubaki unga, na donge likishafungika halifunguki tena. Ndiyo maana tunatumia maji ya baridi na kunyunyiza kidogo kidogo.

1. Mimina nusu lita ya maji ya baridi bakulini.
2. Pima gramu 5 za unga. Kama huna mizani, ni vijiko vya chai viwili visivyojaa.
3. Koroga kwa mchapo mpaka maji yazunguke, kisha nyunyiza unga taratibu huku ukiendelea kukoroga. Usisimame katikati.
4. Endelea kukoroga dakika 5. Mwanzoni chembechembe zitazama na utadhani umekosea kipimo. Usiongeze unga.
5. Funika, acha saa 1 hadi 2, ukikoroga kila baada ya dakika 15. Unga wa chembe kubwa uache usiku kucha kwenye friji.
6. Inua kijiko. Rojo likiwa tayari hushuka polepole kwa uzi mrefu usiokatika, na ncha ya uzi huo hukaa kidogo juu ya bakuli kabla ya kuzama. Likidondoka matone matone, ni jepesi, lisubiri zaidi. Likianguka kwa mafungu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja.
7. Lichuje kwa kitambaa chepesi kuondoa madonge.

Rojo hudumu siku mbili au tatu kwenye friji. Likianza kunuka, litupe.

SEHEMU YA PILI: KUPAKA

1. Tandaza nailoni mezani, weka karatasi juu yake. Usikate kwa kipimo cha kazi yako sasa: karatasi hupungua kila upande inapokandwa.
2. Paka rojo kuanzia katikati kwenda kingoni, kwa mkono mwepesi. Ukisugua, utang'oa nyuzi.
3. Angalia kwa kuinama, jicho likiwa usawa wa meza. Palipopakwa hung'aa, pakavu hufifia. Rudia palipofifia.
4. Bandua karatasi pamoja na nailoni, igeuze kwenye nailoni nyingine, paka upande wa pili.
5. Anika kivulini kwa vibanio vitatu au vinne juu, si kimoja. Karatasi mbichi ni nzito, na ukiishika pembe moja tu itachanika kwa uzito wake yenyewe.
6. Subiri ikauke kabisa. Itakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na huo ndio mwendo sahihi.

SEHEMU YA TATU: KUKANDA

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kanuni ni moja kwa hatua zote: *usiurudie mkunjo uleule*. Kila mzunguko geuza karatasi, badili upande, badili pa kuanzia. Vua pete na bangili, kata kucha.

*Mzunguko wa madonge*

1. Nyunyizia karatasi ukungu mwepesi wa maji pande zote, iviringishe ndani ya nailoni dakika 10 ili unyevu uenee. Isilowe, iwe tu baridi ukiigusa na shavu.
2. Ikusanye kutoka kingo zote kuja katikati, taratibu, iwe donge legevu. Donge la kwanza lisikazwe.
3. Ifungue kwa ncha za vidole kuanzia katikati. Usivute pembe.
4. Ilaze, pitisha kiganja juu yake, igeuze upande wa pili, kusanya tena, sasa kwa kukaza zaidi kidogo.
5. Rudia mara 15 hadi 20. Kila donge liwe dogo kuliko lililotangulia.

Tumia masikio. Madonge ya kwanza hutoa mlio mkali, mkavu, wa karatasi hasa. Mlio unashuka kila mzunguko. Ukifika pale ambapo ukiitikisa karatasi inavuma badala ya kupiga kelele, mashikizo ya kutosha yameachia. Ukiiangalia karibu utaona makunyanzi makubwa ya mwanzo yamemezwa na madogo, na madogo yamegawanyika tena mpaka uso unafanana na ngozi.

*Mzunguko wa fimbo*

Huu husawazisha makunyanzi. Donge hukunja zaidi katikati kuliko kingoni, na fimbo hurekebisha hilo.

1. Viringisha karatasi kwenye fimbo bila kuikaza sana.
2. Shika miisho miwili ya karatasi, sukuma kuelekea katikati mpaka ijikunyate.
3. Ifungue, izungushe robo duara, iviringishe tena, sukuma.
4. Fanya vivyo hivyo kwa pembe mbili za mshazari. Sasa imekunjwa pande nne.

*Mzunguko wa kufikicha*

1. Shika kipande kidogo kwa ngumi mbili zilizokaribiana, ufikiche unavyofikicha kola ya shati wakati wa kufua, ila kwa nusu ya nguvu hiyo.
2. Songa sentimita chache, fikicha tena. Pita karatasi nzima, kisha igeuze robo duara upite tena.
3. Kingo zifikiche mwisho na kwa upole. Ndizo dhaifu kuliko zote.

*Tabaka la pili.* Inyooshe karatasi kwa kiganja, paka rojo tena pande zote mbili, anika, kisha rudia madonge na kufikicha. Safari hii kazi itakwenda haraka. Tabaka la kwanza lilipakwa juu ya karatasi ngumu. La pili linaingia kwenye nyufa ndogo ulizofungua na kuzishika zikiwa tayari zimelegea. Ndiyo sababu rojo moja zito halichukui nafasi ya mawili mepesi.

SEHEMU YA NNE: KUGANDISHA KWA MAJI YA CHOKAA

Karatasi sasa ni laini, lakini ikilowa konyaku itateleza tena na kutoka. Alkali huondoa vipande vidogo vya kemikali vinavyoizuia minyororo ya wanga isishikane. Vikiondoka, minyororo inafungamana moja kwa moja.

1. Vaa glavu na miwani. Tia gramu 5 za chokaa iliyozimwa kwenye lita 2 za maji, koroga.
2. Acha itulie saa 1. Maji hayawezi kuyeyusha zaidi ya takriban gramu 1.7 za chokaa kwa lita, hivyo masalia meupe yatakaa chini. Ni kawaida.
3. Mimina maji maangavu ya juu kwenye beseni la plastiki, uache masalia.
4. Zamisha karatasi ikiwa imetandazwa, dakika 10 hadi 15. Ibonyeze polepole itoe viputo vya hewa.
5. Inua kwa mikono yote miwili chini yake, ihamishie kwenye maji safi. Badilisha maji mara tatu.
6. Jaribu: pitisha kidole kwenye kona iliyolowa. Ikikwama kidogo kama mpira, imeganda. Ikiteleza, irudishe kwenye maji ya chokaa.
7. Usiikamue kwa kuisokota. Ilaze kati ya taulo mbili, bonyeza, kisha anika kivulini.

Chokaa kidogo itakayobaki haina madhara kwa karatasi. Hukinga asidi inayoifanya karatasi iwe njano na kukatika ikizeeka.

*Ukikosa chokaa,* magadi yanaweza kusaidia. Yayeyushe kwenye maji ya moto, yachuje, uyatumie yakiwa vuguvugu, maana magadi hugandisha vizuri zaidi palipo na joto. Nguvu ya magadi hutofautiana kutoka fungu hadi fungu, na uchafu wake unaweza kuacha madoa, kwa hiyo anza na kipande cha majaribio.

SEHEMU YA TANO: KUMALIZIA

1. Ikikauka itakuwa imekaza kidogo. Fanya madonge matano au sita makavu na ufikiche kidogo kuilegeza.
2. Ukitaka uso wa makunyanzi, iache hivyo. Ukitaka uso tulivu, funika kwa kitambaa cha pamba, piga pasi ya moto mdogo, bila mvuke.
3. Itundike juu ya kidole katikati. Ikining'inia pande zote mbili ikifuata kidole, kazi imekamilika. Ikisimama kama paa, rudi kwenye madonge.

MAKOSA YA KAWAIDA NA TIBA ZAKE

Matundu madogo kwenye makutano ya mikunjo. Umekaza mapema mno, au karatasi ilikuwa kavu sana. *Tiba:* bandika kiraka cha kozo nyembamba kwa rojo upande wa nyuma, chana kingo za kiraka kwa mkono badala ya kukata ili ndevu zake zishike, kisha endelea.

Uso unatoa vinyweleo. Rojo ni jepesi mno au umefikicha kwa nguvu kabla ya tabaka la pili. *Tiba:* paka rojo, kausha, endelea na madonge tu.

Karatasi ngumu na inang'aa. Rojo ni zito mno. *Tiba:* kama hujaipitisha kwenye chokaa, loweka kwenye maji ya kawaida rojo litoke kiasi. Kama imeshapita, ikande zaidi, haitageuka sana.

Mstari mmoja mrefu usiopotea. Umeikunja karatasi mara mbili kuihifadhi kati ya hatua. *Tiba:* hakuna ya kweli. Kuanzia sasa ihifadhi kwa kuiviringisha.

Karatasi imejigandamiza yenyewe. Umeikanda kabla rojo halijakauka. *Tiba:* loweka, ifungue majini, anza upya na kupaka.

RANGI

Paka rangi baada ya kugandisha na kusuuza, kwa sababu rangi nyingi za mimea hubadilika zikikutana na alkali. Manjano, kwa mfano, hugeuka wekundu wa kutu. Nili hutulia vizuri. Wajapani hupenda kakishibu, maji machachu ya matunda mabichi ya mpersimoni, ambayo huipa karatasi rangi ya kahawia inayokolea juani na kuifanya ipinge maji zaidi. Rangi yoyote unayoijaribu, anza na kipande cha majaribio na usizamishe kazi nzima siku ya kwanza.

KUSHONA NA KUBANDIKA

Uzi na sindano huja na kanuni ileile ya mkunjo: matundu yaliyobanana kwenye mstari mmoja ni mwaliko wa kuchanika.

1. Tumia sindano nyembamba, mpya, na mshono mrefu wa milimita 3 hadi 4.
2. Usirudishe mshono nyuma mwanzoni na mwishoni unavyofanya kwenye kitambaa. Acha nyuzi ndefu, uzifunge fundo kwa mkono.
3. Shikisha kwa vibanio, si kwa pini. Tundu la pini halizibiki.
4. Mahali panapobeba uzito, kama mpini wa mkoba, weka kiraka nyuma au bitana ya pamba.
5. Kwa jalada la daftari au kisanduku, bandika kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa. Paka gundi kwenye ubao, usipake kwenye karatasi, ili makunyanzi yasilale.

UTUNZAJI

☐ Ihifadhi imeviringishwa au imening'inia
☐ Ikichafuka, futa kwa kitambaa chenye unyevu
☐ Ukilazimika kuiosha, maji baridi, bila kusugua wala kusokota
☐ Usiiweke kwenye mashine ya kufulia
☐ Iweke mbali na moto. Hata ikilainika, ni karatasi
☐ Mahali penye joto na unyevu, ipe hewa mara kwa mara isishike ukungu

RATIBA YA SIKU MBILI

*Siku ya 1, asubuhi:* tengeneza rojo. Likivimba, fanya mazoezi kwa kaki. *Mchana:* paka tabaka la kwanza, anika. *Jioni:* kanda, paka la pili, anika usiku.

*Siku ya 2, asubuhi:* kanda tena; andaa maji ya chokaa. *Mchana:* gandisha, suuza, anika. *Jioni:* malizia.

Kabla ya kugusa karatasi nzima, kata vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja kutoka pembeni mwake. Kimoja kipake rojo tabaka moja, cha pili mawili, cha tatu kikande bila rojo kabisa. Vipitishe vyote hatua zilizobaki, vikauke, kisha uvivute kwa mikono uone kipi kinachanika kwanza. Andika kwenye kila kipande, kwa penseli, uzito wa karatasi, kipimo cha rojo na idadi ya mizunguko, uvibandike kwenye daftari. Karatasi ya kozo hutofautiana kwa msimu, kwa fundi na kwa fungu. Daftari hilo litakufaa kuliko kipimo chochote kilichoandikwa humu.